KILIO NA MAOMBOLEZO



Katika mwezi huu wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu hapa Handeni na Korogwe, tutafakari maneno mawili tunayoyatumia kila siku: kilio na maombolezo.

Kilio ni neno pana. Mtoto hulia, ngoma hulia, hata kengele ya kanisa hulia. Kilio pia ni msiba wenyewe, ndiyo maana twasema tunakwenda kilioni. Tena magazeti huandika juu ya "kilio cha wakulima", yaani lalamiko linalongoja jibu.

Maombolezo yana undani zaidi, kwa maana ndani ya kuomboleza mnasikika kuomba. Kitabu cha Maombolezo, kilichozaliwa na maangamizi ya Yerusalemu mwaka 587 K.K., kina sura tano. Nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata alfabeti ya Kiebrania, kana kwamba uchungu unatajwa wote tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Sura ya tano ni sala ya watu wote, wakisema "sisi" mbele za Mungu. Basi tunapomwambia mfiwa ajikaze, eti kulia ni upungufu wa imani, tunamzuia pia kusali. (Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, naye alijua atamfufua.)

Uzigua unalijua jambo hili. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi hii, na watu wengi wakachukuliwa utumwani kwa majahazi hadi Barawa, pwani ya Somalia. Waliobaki huku walikuwa na kilio kisicho na kaburi. Wengi wa waliochukuliwa walitoroka, wakakaa kando ya mto Juba, na wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Walipewa makazi Chogo, humu humu Handeni, na baadaye uraia.

Majina ya wale walioondoka kwa majahazi hatunayo, wala siku walizofariki. Kwa hiyo, katika Misa ya tarehe 2 Novemba, baada ya majina mnayotuletea kwenye karatasi, tunawaombea pia marehemu wasio na jina wala kaburi. Hao nao ni wa kilio chetu.