Mfalme, Mulla na Kitabu cha Vita

Kurasa za Razmnama, yaani Kitabu cha Vita, tafsiri ya Kiajemi ya utenzi wa Kihindu uitwao Mahabharata, zikifika mnadani London, wenye fedha hupandishiana bei. Lakini nakala ya kwanza, iliyochorwa kwa ajili ya mfalme Akbar mwenyewe, iko Jaipur, India, na kwa miaka mingi hata watafiti wamepata shida kuitia machoni. Hazina ya namna hiyo kufungiwa kabatini ni aibu.

Mwaka 1582 Akbar, Mwislamu aliyetawala Wahindu wengi, aliamuru Mahabharata itafsiriwe kutoka Sanskrit hadi Kiajemi, raia wake wapate kufahamiana. Wapanditi, wasomi wa Kihindu, walieleza, Naqib Khan akaandika. Kisha akaitwa Abdul Qadir Badauni, mwanachuoni wa msimamo mkali, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Badauni aliiona kazi hiyo kuwa balaa. Katika kitabu cha historia alichokiandika kwa siri, analalamika kwamba alijikamua akamaliza sehemu 2 kati ya 18, na shukrani aliyopata ni mfalme kumwita mla haramu na mla tanipu. Juu ya hayo akabebeshwa Ramayana, utenzi mwingine wa Kihindu, uliomla miaka minne! Hata baadaye hakupona. Akbar alikuta mstari kuhusu malipo ya matendo, akashuku kwamba mulla amepenyeza Munkari na Nakiri, malaika wanaohoji wafu kaburini katika Uislamu, ndani ya hadithi ya Kihindu. Badauni akaapa kuwa ametafsiri tu alichokikuta. Mimi namwamini; mtu aliyechukia kitabu kiasi kile asingejisumbua kukiongezea maneno.

Wachoraji hawakuacha malalamiko, waliacha picha zaidi ya 160. Mmoja alichora mistari, mwingine akatia rangi, na karani akaandika majina yao chini ukingoni. Krishna, mungu wa Kihindu, yuko pale na ngozi yake ya buluu, lakini wapiganaji wanaomzunguka wamevaa makoti na vilemba vya kasri la Akbar. Fundi mkuu alikuwa Daswanth, mtoto wa mbeba machela, ambaye Akbar alimgundua kwa michoro yake ya ukutani. Akili ilimruka, akajiua mwaka 1584, kitabu hakijakamilika.

Nakala nyingine, ya mwaka 1598, ilichanwachanwa na kuuzwa. Baadhi ya kurasa ziko British Library, nyingine Free Library ya Philadelphia, na huko angalau mtu akiomba huonyeshwa. Jaipur nao wafungue kabati.