Sheria bila Wakili: Lugha ya Haki katika Vituo vya Soko vya Karagwe

Historia ya uwakili katika Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa kufuata bandari na reli. Kampuni ya mawakili ya Hamilton Harrison & Mathews, kwa mfano, ilianzishwa Nairobi mwaka 1902, miaka michache tu baada ya reli kufika hapo. Historia ya namna hiyo haina mengi ya kusema kuhusu Kihanga, kata ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera. Hata hivyo, wakulima na wachuuzi wa Karagwe wamedaiana, wamerithishana na kugombea mipaka ya vibanja vyao kwa vizazi vingi. Swali la msingi ni hili: sheria iliendeshwaje mahali ambapo wakili alikatazwa kuingia, na Kiswahili kilipata nini kutokana na katazo hilo?

Jibu linaanzia katika maneno yenyewe. Karagwe ilikuwa dola yenye Mukama wake. Mukama Rumanyika ndiye aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, wakati ambapo wafanyabiashara kutoka pwani walikwisha kuwa na kituo chao Kafuro. Katika Kihaya, lugha iliyo ndugu na Kinyambo cha Karagwe, kuamua shauri ni okulamula, kitenzi chenye asili moja na amua ya Kiswahili. Mmea unaopandwa kuonyesha mpaka wa kibanja huitwa omulamula, kana kwamba mmea huo ndio mwamuzi wa kwanza kati ya majirani. Juu ya msingi huo wa Kibantu, Kiswahili kilileta hakimu, hukumu, rufaa na wakili kutoka Kiarabu, na baadaye korti na kesi kutoka Kiingereza. Wakili, kwa maana yake ya asili, ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake alisimamie. Katika mahakama za chini za Karagwe neno hilo lilitangulia kwa miongo mingi kabla ya mwenye kazi hiyo kuruhusiwa kusimama.

Sababu ya kuchelewa huko ni ya kisheria. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa maofisa wa utawala. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo mzima, na mahakama ya mwanzo ikawa ngazi yake ya chini. Mfumo ulibadilika, lakini katazo la mawakili lilibaki, na sheria mpya ya mwaka 1984 ikalirudia.

Matokeo yake kwa lugha yalikuwa makubwa kuliko yanavyokumbukwa. Mahakama Kuu iliandika hukumu zake kwa Kiingereza, ilhali mahakama ya mwanzo iliendesha shauri lote kwa Kiswahili, tangu madai hadi hukumu. Hakimu, karani na wazee washauri walilazimika kutafuta namna ya kusema mdai na mdaiwa, hati ya wito, kukazia hukumu na kukata rufaa kwa maneno ambayo mkulima angeyaelewa. Kwa hiyo, Kiswahili cha sheria hakikuzaliwa katika kamati za istilahi peke yake. Sehemu yake kubwa ilikomaa katika majalada ya mahakama za chini, mahali ambapo neno lisiloeleweka lingeweza kumpotezea mtu shamba lake.

Hata hivyo, kutokuwapo kwa wakili hakukumaanisha usawa. Mtu aliyesoma alimshinda asiyesoma, na mwenye ukoo nyuma yake alimshinda aliye peke yake. Pengo hilo lilijazwa na waandishi wa barua, na wakati mwingine na vishoka, wale wanaojifanya mawakili bila kusajiliwa. Ni mwaka 2017 tu ambapo Sheria ya Msaada wa Kisheria iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria.

Gharama ya pengo hilo inaonekana katika shauri maarufu la mkoa huohuo, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alifungua shauri, na mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo kwa kuwa mila ya Kihaya, iliyokwisha kuandikwa na Cory na Hartnoll mwaka 1945, haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya wilaya ilitengua uamuzi huo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alithibitisha haki ya mwanamke huyo kwa kutegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ikumbukwe kwamba shauri lilianza kwa Kiswahili, lakini hukumu iliyobadili hali ya wanawake wa Kagera iliandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka 2021 kuta zote mbili zilibomolewa. Mawakili waliruhusiwa katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mabadiliko haya yanakutanisha pande mbili zisizofahamiana vya kutosha. Wakili anakuja na elimu aliyoipata kwa Kiingereza tangu Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Mahakama ya mwanzo inampokea kwa lugha iliyoiva bila yeye. Iwapo wakili atakuja na tafsiri za neno kwa neno, mdai wa Kihanga atakuwa mgeni katika shauri lake mwenyewe, safari hii kwa Kiswahili. Kwa mantiki hiyo, watunga kamusi na walimu wa sheria hawana budi kuyasoma majalada ya mahakama za mwanzo kabla ya kuunda istilahi mpya, kwa maana mengi wanayoyatafuta yamekwisha kusemwa humo.