Kijapani, Kiingereza au DJ wa Kiswahili? Ubishi wa mashabiki wa katuni za Kijapani

Katika vibanda umiza vya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, na kwa vijana wanaorushiana muvi kwenye simu, kuna ubishi usioisha kuhusu katuni za Kijapani, zile zinazoitwa anime. Wapo wanaosema Dragon Ball Z ya Kiingereza ndiyo yenyewe, kwa sababu ndiyo waliyoanza nayo. Wengine wanashikilia kwamba kama hujasikia sauti ya Kijapani na kusoma maandishi ya chini, hujaona kitu. Kundi la tatu ni kubwa lakini halibishani sana: linataka DJ aeleze kwa Kiswahili, mambo yaishe.

Wengi wanaobishana wanachanganya vitu vitatu. Katuni inapopelekwa nchi nyingine, zinaweza kubadilishwa sauti za waigizaji, maneno wanayosema, au muziki. Kimoja kinaweza kuguswa na kingine kikaachwa. Ukisema "wameiharibu", inabidi uulizwe: wameharibu nini hasa?

Tuanze na Dragon Ball Z yenyewe. Ilionyeshwa Japani kuanzia mwaka 1989 hadi 1996, na muziki wake uliandikwa na Shunsuke Kikuchi. Muziki wa Kikuchi unaingia na kutoka. Kuna mahali wapiganaji wanatazamana na husikii kitu ila upepo. Ilipoingia Marekani mwaka 1996 muziki huo uliondolewa, na kuanzia mwaka 1999 watazamaji wa huko walisikia muziki wa Bruce Faulconer na wenzake, wa magitaa na vinanda vya umeme, unaopigwa karibu muda wote. Kijana aliyekua na toleo hilo akisikia la Kijapani anaona limepoa. Aliyeanza na la Kijapani anaona lile la Marekani ni kelele. Kila mmoja anatetea alichokisikia akiwa mdogo, na hapo ndipo ubishi unapokosa mwisho.

Kwa nini waubadilishe? Kwanza ni ladha: kampuni za Marekani za wakati ule ziliogopa kwamba mtoto akisikia kimya atahama chaneli. Pili ni pesa, kwa kuwa muziki mpya mara nyingi unabaki mali ya aliyeuagiza, naye analipwa kila unapopigwa. Kampuni ya 4Kids ilikwenda mbali zaidi. One Piece ilipoonyeshwa Marekani mwaka 2004, wimbo wa kufungulia ulikuwa wa kurap, na sigara ya mpishi Sanji ikageuzwa pipi ya kijiti. Katika Pokémon, watu wanaonekana wanakula matonge ya wali huku sauti ikisema ni donati. Ni sawa na kuonyesha watu wa Kyerwa wamezunguka sinia la ndizi, halafu sauti iseme wanakula mkate.

Kuna jambo huwa linawashangaza wabishi wa pande zote. Goku wa Kijapani, yule mwanamume mwenye misuli, sauti yake ni ya mama, Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936. Isitoshe, katuni nyingi za Japani huchorwa kwanza, na waigizaji hutia sauti baadaye wakiangalia picha. Kwa hiyo hata hiyo sauti "ya asili" nayo iliwekwa juu ya michoro.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu muvi ya DJ inapoteza kitu kingine kabisa. Studio inapotengeneza filamu hutunza sauti katika njia tofauti: maneno peke yake, muziki na vishindo peke yake. Anayenunua haki ya kutafsiri hupewa ile njia ya muziki na vishindo, anaweka waigizaji wake juu, na muziki unabaki mzima. Ndivyo ilivyofanyika kwa tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa na TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, ambayo Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kila mhusika alikuwa na sauti yake.

DJ hana njia hiyo. Anayo filamu iliyokamilika, maikrofoni na mashine ya kuchanganyia sauti. Akitaka kusema lazima ashushe kila kitu kwa pamoja: maneno, mvua, kilio na muziki. Akinyamaza anapandisha. Kwa hiyo muvi ya DJ haibadilishiwi muziki. Muziki wake umo, ila unamezwa. Pale mama anapomzika mwanawe na vinanda vinalia taratibu, wewe unasikia utani wa DJ. Hilo ni hasara, na tunaotumia maikrofoni kila siku tunalijua: kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuongea.

Lakini msimulizi naye analeta kitu. Marehemu Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ndiye aliyewazoesha Watanzania wengi kusikia stelingi wa Marekani, Hong Kong au India akielezwa kwa Kiswahili, tangu enzi za mikanda ya VHS. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera ukivuka pale Murongo, wasimulizi huitwa VJ na wengi hutumia Kiganda. Kazi zao zinavuka mpaka bila pasipoti. Filamu ya Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilipata mashabiki dunia nzima ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na wengi wao hawataki kuiona bila yeye.

Na Wajapani wenyewe walikuwa na wasimulizi. Enzi za filamu bubu, kila ukumbi wa Japani ulikuwa na mtu aliyeitwa benshi, anayesimama kando ya pazia akieleza hadithi na kuigiza sauti za wote. Benshi hodari alivuta watu kuliko filamu. Ubishi ulikuwepo pia: miaka ya 1910 kuna waliosema benshi anaiharibu filamu, bora maandishi. Filamu zenye sauti ndizo zilizowaondoa, katika miaka ya 1930.

Sisi tunasimama wapi? Bibi wa Kaisho ambaye hasomi haraka hawezi kukimbizana na maandishi ya Kiingereza, na mtoto wa darasa la pili hawezi pia. Kuwaambia wasubiri "toleo la asili" ni kuwafungia mlango. Kwa hao DJ ni wa lazima. Ila asiyesikia yeye humwondoi kwenye maandishi, na mara nyingi hakuna anayemkumbuka. Maandishi ya Kiswahili yangewasaidia wengi, lakini hayapatikani kirahisi.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa kutafsiriwa kwa kazi yake. DJ anayeuza tafsiri bila ruhusa yuko hatarini, hata kama kipaji ni chake. Taarifa za ruhusa zinatolewa na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Kwa mwenye simu na hamu ya kujaribu mwenyewe: baadhi ya mafaili hubeba sauti mbili. Fungua kwa programu kama VLC, gusa alama ya sauti wakati muvi inacheza, uone kama kuna njia ya pili. Baadhi ya matoleo ya baadaye ya Dragon Ball Z yana hata chaguo la maneno ya Kiingereza na muziki wa Kikuchi. Faili lililopunguzwa ukubwa ili lienee kwenye memori kadi mara nyingi huwa na sauti moja tu, hivyo usimlaumu fundi wa simu ukikuta hakuna cha kuchagua.