Kasuku wa Pili, Puge

Mtu wa Puge akitaka kumtafutia kasuku wake mwenzake, njia ya zamani ya misafara ina la kumwambia.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule msemaji, si wa miombo ya Unyamwezi. Kwao ni misitu ya Kongo. Livingstone aliwakuta Manyema, akaandika kwamba hushika chakula kwa mguu wa kushoto. Ukimwona Tabora, jua kaletwa na mtu, kama pembe na watumwa waliopitishwa hapo kwenda Bagamoyo.

Cherero wa Fischer ni mwenyeji. Reichenow, Mjerumani, alimpa jina la kisayansi mwaka 1887, lakini Nzega na Singida alikuwepo tangu zamani. Huyu hakuletwa, alichukuliwa: miaka ya 1980 alinaswa kwa wingi akauzwa ng'ambo.

Basi usiwatie tundu moja. Homa ya kasuku ya 1929–1930, iliyosafiri na ndege wa Amerika Kusini, ilionyesha kwa nini mgeni hutengwa kwanza. Tena mdomo wa kijivu humkata cherero mguu.

Ila kuna jambo zito zaidi. Kasuku huiga maneno yetu kwa kuwa kundi lake halipo. Kumnasa wa pili porini ili kumliwaza wa kwanza ni kuongeza mpweke mwingine. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kijivu wa mwituni. Na cherero je? Acha mibuyu isimame, utamsikia ukiwa uani kwako.