Jeshi lililofika Azincourt likiwa gonjwa

Mkataba uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mstari wa meno kama ya msumeno. Nusu moja ilibaki kwa watu wa hazina ya mfalme, nusu ya pili akaenda nayo kiongozi wa kikosi. Siku ya kudaiana vipande viliwekwa pamoja, na meno yakioana hapakuwa na ubishi.

Hivyo ndivyo Henry wa Tano wa Uingereza alivyokusanya jeshi la kuvamia Ufaransa mwaka 1415. Mpiga upinde aliahidiwa peni 6 kwa siku, askari mwenye deraya peni 12. Fedha taslimu hazikutosha, basi mfalme akaweka rehani vito na vyombo vya thamani vya ufalme. Alikuwa akidai taji la Ufaransa kwa sababu Edward wa Tatu, babu wa baba yake, alizaliwa na binti wa mfalme wa huko. Wakati nao ulikuwa mzuri kwake: Charles wa Sita wa Ufaransa alikuwa akishikwa na wazimu, na wakuu wake walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe.

Meli ziling'oa nanga karibu na Southampton tarehe 11 Agosti. Siku chache baadaye jeshi lilikuwa limeuzingira mji wa Harfleur, kwenye mdomo wa mto Seine. Wasimulizi wengi huupita mji huu mbiombio ili wawahi pigano la Azincourt. Mimi naona vita vyenyewe viko hapa. Wenyeji walikuwa wameyaachia maji yakafurika mabondeni, joto lilikuwa kali, na maelfu ya watu walikuwa wamesongamana pamoja na farasi, mizoga na vinyesi. Mizinga ilivurumisha mawe mchana na usiku, kuta zikabomoka, lakini ndani ya kambi kuhara damu kulikuwa kunaua bila kuchagua cheo. Askofu wa Norwich, Richard Courtenay, rafiki wa karibu wa mfalme, alifariki katikati ya Septemba. Siku chache baadaye akafuata Michael de la Pole, mkuu wa Suffolk. Mji uliposalimu amri tarehe 22 Septemba, wagonjwa kwa mamia walirudishwa kwao, na askari wapatao 1,200 wakaachwa kuulinda.

Waliobaki, Henry akawaongoza kwa nchi kavu kuelekea mji wa Calais, wakiwa na chakula cha siku 8. Kivuko cha mto Somme kilikuwa kimezibwa na adui, ikabidi wapande na mto siku baada ya siku, wakiuacha mbali mji wanaoutafuta. Walivuka tarehe 19 Oktoba, matumbo yao matupu. Wapo wapiga upinde waliopigana siku ya Azincourt wakiwa wamevua suruali, kwa kuwa kuhara hakukuwapa nafasi ya kufungua mikanda.

Usiku wa kuamkia 25 Oktoba mvua ilinyesha huko Azincourt, juu ya shamba lililokuwa limelimwa karibuni. Asubuhi Wafaransa wenye deraya nzito walikanyaga tope lile wakiwa wamebanwa na misitu pande mbili, huku mishale ikiwamiminikia. Farasi walikutana na vigingi vilivyochongwa ncha. Aliyeanguka alilaliwa na wenzake, na wengi walikufa kwa kukosa hewa bila hata kuguswa na upanga. Kisha Henry, akihofia shambulio jipya, aliamuru mateka wauawe. Watu walikuwa wamekwisha kusalimu amri, mikono mitupu. Kuna wanaomtetea kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Mimi siwezi kuisoma habari hiyo na kuuita ushindi ule mtukufu.

Mwana wa yule mkuu wa Suffolk aliyekufa Harfleur, naye akiitwa Michael, aliuawa siku hiyo. Familia moja ilizika wakuu wawili ndani ya wiki sita.

Henry alirudi London akapokewa kwa nyimbo. Mwaka 1420, kwa mkataba wa Troyes, alitajwa mrithi wa taji la Ufaransa. Hakulivaa. Mwishoni mwa Agosti 1422 alifia Vincennes, nje ya Paris, akiwa na miaka 35, na wanahistoria wengi wanaamini kilichomuua ni kuhara damu. Charles, mfalme mgonjwa, aliishi majuma saba hivi baada yake. Madai ya mataji yote mawili yakamwangukia mtoto wa Henry, ambaye siku baba yake anakufa alikuwa hajatimiza hata miezi 9.