Kutoka Ribiti Hadi Skrubu: Nani Ana Ruhusa ya Kukifungua Kisu Chako?

Hebu tuanze na swali ambalo linaweza kuonekana la kijinga. Umenunua kitu kwa hela yako. Kimelegea. Bisibisi unayo mkononi. Je, una ruhusa ya kukifungua?

Kwa simu na kompyuta swali hili tumelizoea. Kuna kale kastika kadogo kamebandikwa juu ya skrubu, na fundi anakuambia kabisa kwamba akikabandua tu, waranti imekwenda na maji. Ila leo sitaki kuongelea simu. Nataka tulifuatilie swali hilohilo kwenye kifaa cha zamani zaidi: kisu cha kukunja, kile cha kuweka mfukoni. Na hapa nazungumzia vile vya bei mbaya, ambavyo kimoja kinauzwa mamia ya dola za Marekani, na mtengenezaji anaahidi kukihudumia maisha yote.

Kwa nini kisu? Kwa sababu kina vipande vichache mno. Kuna ubapa wenye makali, kuna mpini, kuna bawaba moja inayoviunganisha, na kuna springi au komeo la kuzuia kisijifunge kikakukata vidole. Kwenye kitu chenye vipande vichache hivyo, historia ya dhamana inaonekana kwa macho. Na sehemu kubwa ya historia hiyo imekaa kwenye kipande kimoja: pini ya bawaba.

Ahadi iliyogongwa kwenye chuma

Twende kwanza Sheffield, Uingereza. Mwaka 1624 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyounda chama cha mafundi visu kiitwacho Company of Cutlers in Hallamshire. Hallamshire ni jina la zamani la eneo la Sheffield. Moja ya kazi za chama hicho ilikuwa kusajili chapa za mafundi. Fundi aliyekubaliwa alipewa alama yake, akawa anaigonga kwenye chuma cha kila kisu, na mwingine hakuruhusiwa kuitumia. Kisu kikiwa kibovu, mwenye nacho anajulikana.

Hiyo ilikuwa dhamana kabla ya karatasi za dhamana. Angalia lakini ilichoahidi: hakuna aliyesema atakutengenezea kisu kikilegea. Fundi aliweka jina lake rehani, basi. Mnunuzi aliyekuwa ng'ambo ya bahari hakuwa na namna ya kukirudisha Sheffield. Alichokuwa nacho ni ile alama tu.

Na matengenezo je? Siku hizo ubapa ulishikwa na ribiti. Ni kijiti cha chuma au shaba kinachopitishwa kwenye tundu, kisha ncha zake zinagongwa kwa nyundo mpaka zinatanuka na kubana. Fundi akigonga kidogo mno, ubapa unacheza. Akizidisha, kisu hakifunguki. Kipimo sahihi hakikuandikwa mahali popote. Kilikuwa kwenye mkono wa fundi, kwenye sikio lake, na kwenye miaka aliyokaa benchini.

Sasa, ubapa ukivunjika, kuubadilisha kulihitaji kutoboa ribiti na kuipigilia nyingine. Kama mpini ni wa mfupa au pembe, ukikosea unapasuka. Kwa hiyo hata kama hakuna sheria iliyokukataza kufungua kisu chako, kisu chenyewe kilikukataza.

"Kirudishe kiwandani"

Karne ya 20 viwanda vya Marekani vilileta ahadi ya aina nyingine. Mfano unaojulikana sana ni Buck 110, kisu cha kukunja kilichotoka mwaka 1964. Kilikuwa na ubapa mkubwa wa kuwafaa wawindaji na komeo mgongoni mwa mpini, kikawa maarufu kiasi kwamba aina nzima ya visu iliigwa kutokana nacho. Bawaba yake ni ya kupigiliwa, kama zile za Sheffield. Kilichobadilika ni neno la kampuni: waranti yake wenyewe wanaiita ya milele. Kikileta shida, kirudishe kiwandani, watakishughulikia.

Ahadi za namna hii zilienea, na pamoja nazo yakaja maandishi madogo chini ya karatasi. Karibu zote zinatofautisha mambo mawili: dosari na kuchakaa. Springi iliyovunjika kwa sababu chuma kilichomwa vibaya kiwandani ni dosari, hiyo ni juu ya mtengenezaji. Makali yaliyoisha kwa kukata kamba miaka mitatu ni kuchakaa, hayo ni juu yako. Na ukitumia kisu kufungulia makopo ya rangi, huo ni utundu, hata barua usiandike.

Mwaka 1975 Marekani ilipata sheria ya kuweka utaratibu kwenye haya maneno, Magnuson–Moss Warranty Act. Inataka dhamana ya maandishi kwa bidhaa ya zaidi ya dola 10 ieleze wazi kama ni kamili au ina mipaka. Inakataza pia kampuni kumwambia mteja kwamba dhamana itakuwa hai ikiwa tu atatumia vipuri au huduma ya chapa fulani, labda kampuni iwe inavitoa bure. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya visu, ila visu vimo ndani yake.

Lakini kuna kitu sheria haiwezi kukirekebisha. Tukisema "maisha yote", maisha ya nani? Mwaka 2004 kiwanda cha Imperial Schrade, kilichokuwa Ellenville katika jimbo la New York, kilifungwa. Mwaka 2007 ikafuata kampuni ya Camillus, ya jimbo hilohilo, iliyoanza mwaka 1876. Majina yao yaliuzwa na visu vyenye majina hayo vinaendelea kutengenezwa, ila wale mafundi waliojua kugonga ribiti za visu vile walishakwenda nyumbani. Mwenye kisu cha zamani akakuta kumbe ahadi ilikuwa na umri wa kiwanda, na ribiti yake bado haifunguki.

Fundi wa Durban

Wakati viwanda hivyo bado viko hai, mafundi wadogo walikuwa wanafikiria tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker aliboresha komeo linaloitwa liner lock: bamba jembamba ndani ya mpini linaruka kama springi na kukaa nyuma ya ubapa.

Fundi mwingine, Chris Reeve wa Durban, Afrika Kusini, akalipeleka wazo hilo mbele. Akaondoa bamba jembamba. Akaukata mpini wenyewe, uliotengenezwa kwa titani, ili upande wake mmoja uwe ndiyo komeo. Mwaka 1989 alihamia Boise, jimbo la Idaho, Marekani, na huko akaendelea kutengeneza kisu kinachoitwa Sebenza. Msomaji wa Kiswahili utalisikia hilo jina ni la kwetukwetu: ni kitenzi cha Kizulu, maana yake "fanya kazi".

Cha ajabu kwenye Sebenza ni jinsi ya kukifungua. Kimeshikwa kwa skrubu, na kimeuzwa pamoja na spana yake ndogo ya pembe sita. Yaani mtengenezaji anakukabidhi ufunguo. Ukiharibu kwa uzembe ni juu yako, lakini kukifungua, kukisafisha na kukirudishia si kosa.

Mtu atauliza: skrubu si ilikuwepo miaka yote? Ni kweli, ila skrubu peke yake haitoshi. Skrubu ya bawaba ukiikaza mno, ubapa unagoma, ukiilegeza, unacheza. Tumerudi palepale kwenye mkono wa fundi.

Jibu la Reeve lilikuwa bushi. Ndani ya tundu la ubapa kuna kabomba kafupi ka chuma, na pande zote mbili za ubapa kuna washa za shaba. Urefu wa bushi unazidi kidogo sana unene wa ubapa na washa zake ukijumlisha. Ukikaza skrubu, mpini unabana bushi, haubani ubapa. Unakaza mpaka mwisho, na ubapa unabaki na nafasi ileile uliyokuwa nayo siku ulipotoka kiwandani. Hapo tunaongelea vipimo vya karibu sehemu moja ya mia ya milimita, wakati unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa.

Ule ujuzi uliokuwa kwenye mkono wa fundi wa Sheffield umehamishiwa kwenye urefu wa kabomba. Kiwanda kimefanya kazi ngumu mara moja, ili mtu asiye fundi aweze kuirudia nyumbani mezani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichobadilisha maana ya dhamana kwenye visu hivi, kuliko sheria na kuliko karatasi.

Kemia na fizikia ya kukitunza

Basi ukishafungua, unafanya nini? Unafuta uchafu, unapaka tone la grisi kwenye washa, unarudishia. Kwenye skrubu ndogo zinazoelekea kulegea unaweka gundi ya skrubu kidogo. Gundi hii ina historia yake: ilitengenezwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College mjini Hartford, Marekani. Gundi nyingi hukauka zikipata hewa. Hii ni kinyume: ikiwa kwenye hewa, oksijeni inaizuia isigande. Ikibanwa kati ya nyuzi za skrubu, ambako hewa haipo na chuma kipo, inaganda.

Sehemu moja usipake mafuta: uso wa komeo. Pale titani inapokutana na ubapa, ubapa umekatwa mteremko mdogo, kwa kawaida kama nyuzi 7 hadi 9. Msuguano ndio unaozuia komeo lisiteleze kwenye mteremko huo. Tanjenti ya nyuzi 8 ni karibu 0.14, kwa hiyo mgawo wa msuguano kati ya vyuma viwili ukiwa juu ya hapo, komeo linashika. Ukishuka chini ya hapo, linaweza kuteleza. Mteremko huohuo una faida nyingine. Vyuma vikisagika kidogo kidogo, komeo linasogea mbele na kuziba pengo lenyewe. Ndiyo maana ukiona komeo limesogea kiasi baada ya miaka, usikimbilie kudai waranti. Wasiwasi uanze likifika ukingo wa pili.

Uhuru una mpaka wake

Nisije nikakuuzia hadithi ya skrubu kushinda kila kitu. Mwaka 2001 kampuni ya chuma ya Crucible ya Marekani ilitoa chuma kiitwacho CPM S30V, kilichobuniwa kwa ajili ya visu, na Reeve huyohuyo alishiriki kukibuni. Kina vanadi karibu asilimia 4. Vanadi ikikutana na kaboni inaunda chembe ngumu kuliko oksidi ya alumini, ambayo ndiyo inatumika kwenye vinoo vingi vya kawaida. Makali yanadumu sana, lakini yakiisha, kinoo cha nyumbani kinahangaika. Unahitaji kinoo cha almasi, au urudishe kisu kiwandani kikanolewe. Baadhi ya kampuni, kama Benchmade ya Oregon, zinaitangaza huduma ya kunoa kama sehemu ya ahadi yao. Kwa hiyo mlango ambao skrubu iliufungua, chuma kimeurudishia nusu.

Na wale wanaosema "ukifungua tu, dhamana imekwisha"? Zipo kampuni nzuri zilizokuwa na msimamo huo, na hoja yao ina uzito. Kisu chenye springi ndogo ndani kikifunguliwa na asiyejua, kinaweza kurudishiwa vibaya, komeo likaachia, mtu akakatika. Nani alipe? Hata hivyo, upande wa sheria upepo umekuwa ukigeuka. Aprili 2018 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilizionya kwa barua kampuni sita za magari, simu na michezo ya video kuhusu masharti ya namna ile ya kastika. Kumwambia mteja kwamba dhamana inakufa kwa sababu tu ametengenezewa na mwingine, kwa kawaida hairuhusiwi.

Mimi naona swali la usalama ni la kweli, ila jibu lake halipo kwenye stika. Anayeogopa kwamba nitarudishia vibaya ana njia mbili: anikataze, au atengeneze kitu ambacho ni vigumu kukirudishia vibaya. Njia ya pili ni ghali, ndiyo maana tuliikuta kwenye visu vya mamia ya dola. Lakini kabomba kenyewe hakana siri, na wazo lake halihitaji titani.

Kwa hiyo siku ukinunua feni, pasi, au hata sufuria ya presha, igeuze chini kabla hujalipa. Tazama kama imeshikwa kwa ribiti au kwa skrubu, na kama bisibisi ya fundi wa mtaani kwako inaingia. Karatasi ya dhamana itakuambia kampuni imeahidi nini. Sehemu ya chini itakuambia utafanya nini siku kampuni haipo.