Kungwi wa Jeni

Nilikuwa kijijini Soga nikimsomea shangazi makala ya saratani. Nilipofika kwenye "protini dhibiti jeni", akanikatisha: "Anamdhibiti nani, mwizi?"

Ana haki. Kudhibiti ni kuzuia, kutia mkononi. Lakini protini mojawapo, iitwayo p53, huamsha jeni kadhaa, na kwa kuamka hizo nyingine hulala. Seli ikijeruhiwa, huisimamisha ijitibu. Ikishindikana, huiamuru ife. Mwaka 1992 mwanasayansi David Lane aliiita mlinzi wa jenomu, lakini mlinzi hukaa nje. Nilimfikiria nokoa, msimamizi wa mashamba ya zamani, lakini ananuka kiboko. Uzaramoni yupo kungwi, ajuaye mwali akae ndani mpaka lini na atoke lini. Jeni ndiyo mwali. Napendekeza basi: kungwi wa jeni.

Saratani au kansa? Tunagombana bure. La kwanza ni kaa wa Waarabu, la pili kaa wa Walatini aliyepitia Uingereza.

Shingo ya kizazi nayo ni tafsiri ya Kilatini. Mlango wa kizazi ni wetu zaidi: wazee waliliita tumbo la uzazi mji wa mimba, na mji hauna shingo. Mlangoni hapo ndipo kirusi cha HPV hupenya. Protini yake, E6, humkamata kungwi na kumpeleka akateketezwe. Katika saratani ya ovari iliyo kali na ya kawaida zaidi hakihitajiki hata kirusi. Kungwi mwenyewe ameharibika karibu kwa kila mgonjwa.

Hapo linaingia "usugu wa dawa", kana kwamba dawa ndiyo iliyokuwa sugu! Tuseme usugu wa saratani kwa dawa; na "mgonjwa sugu" tusimwite mtu anayepanda gari kwenda hospitali ya Ocean Road kupigwa mionzi. Sugu ni ndugu wa kusugua: kiganja hakizaliwi nayo, huipata kwa mpini wa jembe. Neno hilo linaufaa uvimbe uliozoea dawa polepole. Lakini seli isiyo na kungwi huweza kujeruhiwa na dawa tangu siku ya kwanza, na asiwepo wa kuiambia ife. Huo si usugu. Ni ukaidi.

Shangazi amempokea kungwi, ila ukaidi ameukataa. Anasema ni neno la kumkaripia mtoto. Mwenye neno bora, hasa nyinyi wa Kisarawe mnaoujua unyago, alilete.